Kichwa cha Kitinda

"Nifanyie chochote tu dada, mimi nakuamini," alisema mteja, akajiegemeza kwenye kiti na kufumba macho.

Zamani maneno hayo yalikuwa asali masikioni mwa Harudii. Siku hizi yalimkata maini. Alisimama nyuma ya kiti na kitana chake chenye mkia, akakitazama kichwa kilichokuwa mbele yake. Kilikuwa kichwa ambacho hakuna msusi angekilalamikia: nywele nyingi, nyeusi, zimeoshwa na kuchanwa vizuri, zinamsubiri yeye. Aliweka ncha ya mkia wa kitana juu ya paji la uso ili avute njia ya kwanza, ile ambayo mtindo mzima huanzia hapo, na mkono ukagoma. Haukutetemeka wala haukuuma. Uligoma tu, hautaki.

"Umelala huko nyuma?" mteja akauliza bila kufumbua macho.

"Nafikiria."

Uongo mtupu. Alikuwa hafikirii kitu, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe. Basi akafanya kile alichokuwa akikifanya miezi yote hiyo: akavuta njia iliyonyooka kutoka mbele hadi kisogoni, akavuta nyingine kando yake, na nyingine, akasuka mistari ya kawaida ambayo msichana yeyote aliyejifunzia kwenye mwanasesere angeisuka. Alipomaliza, mteja alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, akasema si mbaya. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba hata wifi yake alisukwa hapo hapo wiki iliyopita na naye alitoka hivyo hivyo.

Kwenye kona ya pili ya saluni, Mama Kucha, ambaye kazi yake ni kukata na kupaka rangi kucha za watu, aliinamia kidole alichokishika na kujifanya hajasikia. Hilo lilimuuma Harudii kuliko maneno ya mteja. Mama Kucha ni mwanamke ambaye mdomo wake hauna likizo. Akikunyamazia, ujue hali yako ni mbaya.

Harudii si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wateja, na alilitolea jasho. Kwa miaka mingi ilikuwa hivi: mtindo akishausuka ukapita mtaani, basi, umepita, harudii tena. Ukimletea picha ya kichwa cha rafiki yako ukataka usukwe vile vile, atakutazama kwa huruma kana kwamba umeomba kuazima mswaki, kisha atakusuka kitu chake mwenyewe, na utatoka pale umeshaisahau hiyo picha. Wanawake walikuwa wakimfuata kutoka mitaa ya mbali, wakipita saluni chungu nzima njiani. Ukuta mzima wa saluni ulikuwa umejaa picha za vichwa alivyovisuka, hakuna kinachofanana na mwenzake, naye alikuwa akipita mbele yake kila asubuhi kifua mbele. Alijisikia, tusifichane. Mtu akijua kazi yake ana haki ya kujisikia kidogo.

Sasa jina lenyewe lilikuwa limegeuka kejeli. Aliwasikia wanawake wakilitamka sokoni, wanalivuta mwishoni na kucheka puani, na akajua wanasema nini akishawapa kisogo.

Asidhani mtu kwamba alikaa tu na kushika tama. Alihangaika. Alinunua kichwa cha plastiki chenye nywele za bandia, akakiweka juu ya meza ya jikoni na kukisuka hadi watoto wakaogopa kunywa chai mbele yake. Alichora kwenye karatasi, akachana karatasi. Alikesha na simu akitazama vichwa vya watu asiowajua, na kila alipouona mtindo mzuri moyo ulizidi kumwia mzito, maana zamani macho yake yangeuchukua na kuugeuza, na sasa yaliuona tu na kuupita. Alibadilisha kiti. Alibadilisha mafuta. Alifunga saluni akaenda kupumzika kwa mkwewe, akarudi amechoka zaidi.

Mumewe ni fundi bomba, mtu mwema, lakini duniani hakuna jambo asilolielewa kwa mabomba.

"Mahali pameziba hapo," alimwambia siku moja wakila. "Maji yapo. Yanasukuma, hayapiti. Ukijua tu pameziba wapi."

"Mimi si sinki la mtu," Harudii alijibu, akaacha chakula akaenda kukaa chumbani.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaitazama mikono yake. Mikono ile ile, na kile kidole cha shahada kilichokwisha pinda kidogo kwa kazi. Aliiona kama ya mtu mwingine. Alijaribu kufikiria maisha yake bila kusuka na hakuona kitu. Alijaribu kuyafikiria akiendelea kusuka hivi, mistari mitupu mpaka uzeeni, na hilo likamtisha zaidi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Wiki hiyo alimwambia Mama Kucha kwamba mwisho wa mwezi anaachia kiti, atakwenda kumsaidia shemeji yake dukani, kuuza vipuri vya magari. Nati na bolti hazidai mtindo mpya.

Mama Kucha alisugua kucha ya mteja kwa muda. "Umemwambia Kitinda?" aliuliza mwishowe.

"Kitinda anahusika vipi?"

Mama Kucha akanyamaza tena.

Mtu wa nje angeona mara moja Kitinda anahusika vipi, lakini Harudii alikuwa ndani, na aliye ndani haoni. Kitinda ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na jina la utani halikwenda mbali na hapo. Alipokuwa ndio kwanza anajifunza kutembea alijivutia sufuria ya maji ya moto kutoka jikoni. Alipona, Mungu ni mkubwa, lakini juu ya sikio la kushoto pakabaki kovu laini linalong'aa, pana kama kiganja cha mtoto, pasipoota hata unywele mmoja. Alipoanza shule mama yao alishindwa. Kila asubuhi alimchana huku machozi yakimtoka, akizivuta nywele za upande huu kuufunika upande ule, na kufika saa ya mapumziko zimekwisha funuka na watoto wenziwe wamekwisha mpa jina jipya. Siku moja dada mtu, mwenyewe bado yumo ndani ya sare ya shule ya msingi, akamnyang'anya mama kitana. Akamkalisha mdogo wake kwenye kibao cha mlango wa nyuma, akambana kichwa katikati ya magoti, na badala ya kuvuta njia moja kwa moja kama watu wote, akaipinda. Ilizunguka kovu, ikapanda kidogo, ikashuka nyuma ya sikio, na kovu likapotea chini ya misuko. Siku hiyo Kitinda alirudi kutoka shule na kilio cha namna nyingine: wasichana wa darasa zima wanataka kuja nyumbani kusukwa kama yeye.

Kazi ilianzia hapo. Na hata Harudii alipofungua saluni yake, na Kitinda akapata kazi yake kwenye duka la miwani, utaratibu haukubadilika. Jumapili mchana, saluni imefungwa, kibao kile kile, mlango ule ule wa mama yao. Kila mtindo mpya ulipita kwanza kichwani kwa Kitinda. Harudii anasuka, Kitinda anatafuna karanga na kumwaga umbea wa dukani, na njia ikilisogelea kovu anasema, "Dada, panavuta." Ngozi ya pale ilikuwa nyepesi, haivumilii. Harudii analegeza, anafumua kidogo, anaipeleka njia kwingine, na huko kwingine ndiko mtindo ulikokuwa umejificha. Jumatatu wateja wanaukuta umeiva.

Kitinda alipochumbiwa, Harudii aliona siku yake mwenyewe imewadia. Mtindo wa harusi ile alikuwa akiutunga miaka nenda rudi, kabla hata bwana harusi hajajulikana. Hakumwambia mtu ulivyo. Alikuwa akiupitia kichwani anapopika, anapofua, akitabasamu peke yake. Kisha, harusi imekaribia, Kitinda akaingia saluni mchana mmoja amenyoa kipara.

Saluni ilikuwa imejaa. Kila mtu aliliona kovu, maana lilikuwa pale pale, linang'aa.

"Nani kakufanya hivyo?" Harudii aliuliza.

"Kinyozi. Nimekwenda mwenyewe."

"Na harusi?"

"Naolewa hivi hivi. Mwenzangu ameshaliona wala hakukimbia." Kitinda alisema kwa upole, ilionekana alikuwa amejiandaa. "Dada, usinielewe vibaya. Nimechoka kufichwa. Kila nikikaa kwenye kile kibao najiona kama kitu kinachofunikwa."

Yeye alikuwa amejiandaa, Harudii hakuwa. Miaka yote ile, mtindo wote ule, umekatwa na kufagiliwa kwenye sakafu ya kinyozi. Damu ilimchemka, na akalisema neno ambalo angetoa chochote alirudishe.

"Haya, nenda ukasimame mbele za watu na kovu lako. Watatazama hilo. Wewe hawatakuona."

Kitinda alipeleka mkono juu ya sikio, kama alivyokuwa akifanya utotoni, akasimama hivyo kidogo, kisha akatoka.

Harusi ilifanyika. Harudii alikwenda, alikaa viti vya nyuma, alipiga makofi pale watu walipopiga. Alikuwa amewasuka mama, shangazi na mabinamu wote, mistari iliyonyooka, na alijiambia ni uchovu tu. Jumapili iliyofuata hakwenda kwa mama yake. Na iliyofuata hakwenda. Kila alipotaka kuchukua simu ampigie mdogo wake, alilikumbuka neno lile akaiweka chini, na kila alipoahirisha, kupiga kulizidi kuwa kugumu. Wakati huo huo mkono ukawa unakufa kidogo kidogo, na yeye akayatia mambo haya mawili katika vyumba mbalimbali na kufunga mlango wa kati.

Siku chache kabla ya mwisho wa mwezi, akaja mwalimu wa hesabu. Ni mwanamke wa maneno machache, na hakuwahi kuja pale kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hapendi mbwembwe.

"Nataka mistari iliyonyooka," alisema. "Sitaki pambo. Nimesikia siku hizi unasuka hivyo."

Harudii alimeza mate machungu. Lakini pia alishusha pumzi, kwa kweli, maana hiyo ni kazi anayoweza kuifanya amelala. Akaanza. Mwalimu akafungua rundo la madaftari ya wanafunzi na kuanza kusahihisha. Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma, redio inazungumza, na Harudii akayaacha mawazo yaende yanakotaka. Yalikwenda kwenye duka la vipuri. Alijiona nyuma ya kaunta amevaa koti la bluu, anatafuta boksi la plagi, na wanawake wa mtaani wanachungulia dirishani. Vidole vilikuwa vinasuka peke yao.

"Samahani," mwalimu alisema alipopewa kioo cha mkononi. "Hapa umefanya nini?"

"Wapi?"

"Hapa kushoto. Kulia umenyoosha, huku umezunguka." Alijishika juu ya sikio, akapapasa. "Nina kidonda? Kuna kitu hapa hujaniambia?"

Harudii aliinama kutazama. Njia ya tatu kutoka mbele ilikuwa inakuja imenyooka vizuri kabisa, kisha juu ya sikio la kushoto ikapinda, ikazunguka mahali pasipo na kitu, pana kama kiganja cha mtoto, ikashuka nyuma ya sikio na kuendelea na safari yake. Ndani ya ule mzingo nywele zilikuwa nyingi na zenye afya. Mkono wake ulikuwa umezikwepa.

"Hakuna kitu," alisema. "Nisamehe, mwalimu. Nitafumua."

Alifumua, akanyoosha, akamsindikiza mlangoni. Kisha akasimama mbele ya ukuta wa picha. Alianza kuzibandua moja moja na kuzipanga kwenye viti vya wateja na chini sakafuni, na Mama Kucha akaacha kazi akamtazama. Picha karibu zote zilikuwa zimepigwa kutoka kushoto. Yeye ndiye alikuwa akiwaambia wateja wageuze uso hivyo, eti ndiko mtindo unakoonekana vizuri. Ule aliouita Konokono ulijikunja juu ya sikio la kushoto. Jani lilifunguka juu ya sikio la kushoto. Mawimbi, Kamba, Mkufu, ule wa bibi harusi fulani uliowaliza watu, yote ilikuja na ufundi wake wote na madaha yake yote, na yote ilipofika pale ilipinda na kuzunguka mahali pale pale. Kwenye vichwa vizima. Kwenye vichwa vya watu ambao hawajawahi kumwagikiwa hata na chai.

Alikaa sakafuni katikati ya picha zake. Harudii. Alikuwa amerudia kila siku ya kazi yake. Alikuwa na mtindo mmoja tu maishani, akaugeuza nje ndani na kuuvalisha majina, na huo mmoja wenyewe haukuwa wake. Kama mtu angemwambia kwamba hakuwahi kujua kusuka, angekubali bila ubishi.

"Mama Kucha," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua," alisema Mama Kucha, kwa sauti ndogo isiyo yake. "Nilidhani unafanya makusudi. Nilikuwa nasema, huyu anampenda mdogo wake huyu."

Harudii alikichukua kitana chake chenye mkia, akakitupa kwenye pipa la nywele zilizokatwa, akatoka.

Alikwenda kwa mama yake. Alimkuta kwenye ule mlango wa nyuma, anachambua mchele kwenye sinia, kibao kiko kando yake hakina mtu. Harudii alisimama, hakukikalia. Akaeleza yote kwa pumzi moja, picha na mwalimu na duka la vipuri, na mama yake akaendelea kuchambua.

"Kwani hukujua?" mama aliuliza.

"Sikujua."

"Mimi nilidhani unajua." Alitupa kijiwe uani. "Sasa mwanangu unalia nini? Kwamba ulikuwa na sababu?"

"Nalia kwa sababu imekwisha. Sina kitu, mama. Nikishika kichwa cha mtu naona ukuta."

Mama yake aliweka sinia chini. Alikuwa na hasira, na Harudii hakuwa ameitarajia.

"Umekaa miezi hukanyagi hapa. Mwenzio anakuja kila Jumapili anakaa hapo, anakula karanga peke yake, ananiuliza dada hajambo. Namwambia hajambo. Nimechoka kumwambia hajambo. Nenda kamwambie mwenyewe kama hujambo."

Jumapili ilipofika Harudii alikwenda. Mdogo wake alikuwa amehamia na mumewe kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo wa saruji, na alikuwa anaanika nguo. Shemeji alipomwona mgeni alisalimia haraka, akakumbuka kuna kitu alitakiwa kununua, akatoka. Nywele za Kitinda zilikuwa zimeota hadi urefu wa pingili ya kidole. Hakuwa amezichana kwa namna yoyote. Kovu lilikuwa wazi, na jua lilikuwa linalipiga.

"Nimekuja kukuomba radhi," Harudii alisema. Alisema akiwa bado amesimama getini, asije akaghairi. "Lile neno nililokwambia saluni mbele za watu. Halikuwa neno la kukwambia. Nalijutia kila siku."

Kitinda alibana shati kwenye kamba. "Kila siku, na hukuja."

"Niliona haya."

"Mama anasema unaacha saluni."

"Ndiyo."

"Anasema mkono umekataa."

"Ndiyo."

Kitinda aliutia mkono kwenye beseni, akaibuka na soksi moja, akaitazama, akairudisha. "Basi niambie kweli, dada. Umekuja kuomba radhi, au umekuja kuomba kichwa?"

Njia nzima Harudii alikuwa ametengeneza jibu la swali hilo, maana alimjua mdogo wake. Lilikuwa jibu zuri. Lilipofika mdomoni alilionea kinyaa.

"Vyote viwili," alisema. "Sijui kipi kilianza." Kisha machozi yakamtoka, na si machozi ya kupendeza, yale ya makamasi na kwikwi. "Nimeuza kovu lako maisha yangu yote, Kitinda. Kwa watu wote hawa. Nilidhani ni akili yangu. Ukaniondolea, nikaonekana nilivyo. Mimi sina kitu. Sijui nitafanya nini kesho nikiamka."

Kitinda hakuja kumkumbatia. Alikaa kwenye ngazi, akaipangusa mikono kwenye sketi.

"Watu walikuwa wananiuliza dukani nimesukwa wapi," alisema. "Nasema kwa dada yangu, najivuna. Halafu nikifika nyumbani najishika hapa, najiuliza, mbona huyu anapaogopa hivi? Unajua hujawahi kupagusa? Toka utoto. Mama amepagusa, daktari, mume wangu. Hata watoto wale wa shule walinigusa kwa nguvu. Wewe unapazunguka. Kidole chako kikikaribia tu, kinakimbia."

"Ulikuwa unasema panavuta."

"Palikuwa panavuta. Sikusema uondoke."

Jirani wa ghorofani alikuwa anagonga zulia dirishani na vumbi likawashukia wote wawili, na hakuna aliyesogea. Kitinda akaingia ndani. Alikaa huko hadi Harudii akaanza kufikiri kwamba ameambiwa aondoke, kisha akarudi na kigoda na chanuo lililong'oka meno. Akaweka kigoda mbele ya ngazi. Akakikalia, akampa dada yake kisogo.

"Pitisha njia hapa," alisema, akagusa kovu. "Katikati. Usipinde."

"Hapo hapana nywele."

"Najua hapana, ni kichwa changu. Fika ukingoni, simama, halafu anzia ng'ambo."

"Na hizi ni fupi mno. Hazishiki."

"Dada, kaa."

Harudii alikaa kwenye ngazi. Kitana chake kilikuwa kwenye pipa, na chanuo lile halikuwa na mkia, kwa hiyo alichomoa njiti kwenye kiberiti kilichokuwa dirishani, akavuta njia nayo. Njiti ikavunjika. Akachukua nyingine. Alishika nywele za kwanza, zikamtoroka. Akazishika tena, akakunja mara tatu, nne, akaenda kwenye msuko wa pili, na kabla hajamaliza wa pili ule wa kwanza ulikuwa umefumka wenyewe. Akaurudia. Ukafumka. Mkono ulikuwa mzito vile vile kama saluni. Hakuna mtindo uliomjia. Hakuona kitu chochote mbele yake zaidi ya nywele fupi zenye ukaidi na njia iliyokwenda moja kwa moja hadi mahali ambapo alikuwa ameizoesha kukimbia. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alisuka, zikafumka, akasuka. Kivuli cha nguo zilizoanikwa kilitoka miguuni mwao kikapanda ukutani, na kichwani kwa Kitinda palikuwa na nusu ya kitu kisicho na jina, kibaya, kilichopinda pasipotakiwa kupinda.

"Siwezi," alisema. "Mdogo wangu, siwezi tena. Ona mwenyewe."

Kitinda hakugeuka. Hakusema ni nzuri, wala hakusema itakuja. Alikaa tu pale, shingo imenyooka.

Harudii aliivuta njia tena hadi ukingoni. Vidole vikaanza kupinda, akavizuia. Ili avizuie ilibidi aweke kidole gumba mahali, na mahali palikuwa pamoja tu. Ngozi ilikuwa ya moto kwa jua, laini kuliko alivyodhani, nyembamba, na chini yake aliusikia mshipa mdogo unapiga. Mabega ya Kitinda yaliruka. Harudii aliacha kidole pale pale, akashika nywele chache za ng'ambo kwa mkono wa pili, akaanza kusuka.

"Panavuta?" aliuliza.

"Panavuta," alisema Kitinda. "Endelea."